Mabasi ya shule yauzwe yangali na uhai

Mtu atakayezuru shule za upili katika sehemu mbalimbali za nchi hii hatakosa kuona, nyuma ya jikoni au kando ya uwanja wa kandanda, basi lililoegeshwa miaka mingi iliyopita na ambalo halitaondoka tena. Tairi zimekwisha upepo, vioo vimevunjwa, nyasi zimepenya sakafuni, na kuku wa mpishi wamepata pa kutagia. Ubavuni bado lipo jina la shule pamoja na nusu ya kaulimbiu yake.

Katika shule niliyosomea huko Meru basi la namna hiyo lipo. Nalijua vizuri kwa sababu nilikuwapo siku lilipoletwa. Ulikuwa mwaka 1996, nami nikiwa katika kidato cha pili. Wazazi walikuwa wamechangishwa kwa mihula minne mfululizo. Mama yangu aliuza mtamba ili amalize sehemu yake, kwani malipo ya kahawa hayakuwa ya kutegemewa. Basi lilipoingia langoni likipiga honi, wazee waliokuwa wameketi chini ya hema walisimama na kulipigia makofi kana kwamba ni mtu. Likatupeleka kwenye mashindano ya michezo ya kuigiza, likatupeleka Mombasa kuiona bahari ambayo wengi wetu tuliijua kwa ramani tu. Giaboksi yake ilipoharibika mnamo 2011, lilisukumwa hadi chini ya mgrevilea lisubiri fedha za matengenezo. Fedha hazikupatikana. Betri ikaibwa kwanza, kisha taa, kisha viti vikang'olewa kimoja kimoja kuwa makalio ya mabawabu. Hivi leo hata mnunuzi wa vyuma vikuukuu hulitazama akaenda zake.

Nisingeyaandika haya lau si basi jingine nililoliona mbali sana na Meru.

Mnamo 2016 nilialikwa kufundisha Kiswahili kwa muhula mmoja katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani. Jirani yangu wa ofisini alikuwa mwalimu wa Kifaransa aliyekaribia kustaafu. Siku moja aliniambia, kwa furaha ya mtu aliyeposa akakubaliwa, kwamba yeye na mkewe wamenunua basi kuukuu la shule ili waligeuze kuwa nyumba na kuizunguka nchi yao nalo. Nilidhani Kiingereza chake kimenipita. Jumamosi iliyofuata alinipeleka kuliona. Lilikuwa limesimama uani kwake, la manjano, urefu wake kiasi cha mita kumi, na ndani yake mzee huyo alikuwa ameanza kutoa viti. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu, kwa hivyo ilimbidi akikate kila kiti miguu kwa mashine ya kukatia chuma. Nilimsaidia kuvitoa nje vinne, mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Nilipomuuliza kwa nini asinunue gari lililoundwa tangu mwanzo kwa safari na malazi, alinijibu kwamba magari hayo mengi hujengwa kwa mbao nyepesi na plastiki, na bei yake ni ya kutisha, ilhali basi la shule ni chuma kitupu. Wamarekani wa fikira kama zake ni wengi, hata wameyaundia magari hayo jina, skoolie, neno lililotokana na lile la shule. Wala si jambo la jana. Mwandishi wa riwaya Ken Kesey alipovuka Marekani pamoja na rafiki zake mwaka 1964, kutoka California hadi New York, alisafiri katika basi la shule la mwaka 1939 ambalo mwenyewe wa awali alikuwa amekwisha kulitia vitanda kwa ajili ya wanawe.

Mwaka huo wa 1939 una habari yake. Mnamo Aprili, Frank Cyr, profesa katika Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliitisha mkutano wa maafisa wa elimu na wahandisi wa makampuni ya magari na ya rangi. Wakati huo watoto wa mashambani walipelekwa shuleni kwa kila aina ya chombo, hata mikokoteni ya farasi. Mkutano ulikubaliana juu ya masharti 44 ya basi la shule, na miongoni mwayo ilikuwamo rangi ya manjano, iliyochaguliwa kwa kuwa maandishi meusi juu yake husomeka upesi katika mwanga hafifu wa alfajiri na wa jioni. Kuanzia 1977 kanuni za serikali ya nchi hiyo zikataka paa la basi listahimili kupinduka, na viti viwe na migongo mirefu yenye sponji na vikaribiane, ili mtoto akirushwa mbele apokewe na kiti kilicho mbele yake. Rangi hiyo ya manjano imetufikia na sisi. Walimu hawajasahau jinsi shule zilivyohangaika mwaka 2018 serikali iliposhikilia kwamba mabasi yote ya wanafunzi yapakwe rangi hiyo.

Kwa hivyo anayenunua basi kama hilo hununua sanduku la chuma lililoundwa kwa ajili ya usalama wa watoto wa watu wengine. Wapo wanaozikata mbavu za chuma hicho ili waliinue paa, kwani kimo cha ndani ni mita 1.8 na ushei tu, na mtu mrefu hugonga kichwa. Mimi nadhani hapo wanakiharibu kile kile walichokinunua, isipokuwa wawe na fundi anayejua kuunga mbavu hizo zirudie nguvu zake. Heri kuinama.

Jambo lililonipendeza zaidi ni namna mwenzangu alivyolinunua. Ohio humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma. Kwa sababu hiyo alilifuata basi lake kusini, katika jimbo la Tennessee ambako barafu ni chache, naye akaenda na fundi. Fundi huyo hakuanza na injini. Alilala chini ya basi, akaigonga chasisi na sakafu kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza mlio. Panapolia kama kengele chuma ni kizima. Panaponyamaza, kutu imeingia. Kisha akainua pembe ya mpira wa sakafuni aone ubao wa chini yake kama umelowa. Baada ya hayo ndipo alipofungua boneti. Alimweleza mwenzangu kwamba injini ya dizeli ya basi hutengenezwa ikasimama tena. Aina ya DT466 ya kampuni ya International, kwa mfano, inasifika kwa kuwa kuta za silinda zake hubadilishwa bila ya injini kung'olewa garini. Giaboksi ndiyo ya kuangaliwa. Ile ya otomatiki iitwayo Allison AT545, iliyotiwa katika mabasi mengi ya miaka ya 1980 na 1990, hupata joto kali na kulemewa milimani, na mtu anayetaka kuvuka milima ya magharibi kwa basi zito ni afadhali aiepuke.

Alilipa dola 4,200. Pamoja na ufunguo alikabidhiwa daftari la matengenezo ya miaka yote 14, lenye tarehe ya kila badiliko la oili na breki. Kisha akaketi nyuma ya usukani, akaliendesha mwenyewe kwa siku mbili hadi Ohio. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike katika habari hii. Wilaya nyingi za shule za huko huyauza mabasi yao yakifikisha miaka 12 hadi 15, yangali yanatembea, kwa sababu zimekwisha kupiga hesabu zikaona kwamba kuanzia hapo gharama ya kulitunza basi itapanda na bei yake itashuka.

Mengine nayapitia kwa haraka. Majimbo mengi humtaka mnunuzi aondoe taa za kumweka na kile kibao cha kusimamishia magari, afute maandishi, na abadilishe ile rangi ya manjano, kwani rangi hiyo huwaambia madereva wengine kwamba ndani mna watoto. Mwenzangu alilipaka la kwake samawati. Bima ilimsumbua kuliko kutu, maana makampuni hayapendi kitu kisichokuwa basi wala nyumba. Kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, choo, na paneli za kuvuna nguvu za jua juu ya paa vilimgharimu maradufu ya bei ya basi lenyewe. Lita moja ya dizeli humpeleka kilomita tatu au nne. Yeye hakuona kwamba ni ghali.

Nirejee nyumbani. Kiswahili hutofautisha vitenzi viwili ambavyo wanafunzi wangu huvichanganya, yaani kuchakaa na kuoza. Nguo huchakaa kwa kuvaliwa, jembe huchakaa kwa kulima. Kinachooza ni kile kilichoachwa. Basi la Tennessee lilikuwa limechakaa. La shule yetu limeoza, wala halikuoza kwa sababu ya umri, kwa maana siku lilipoegeshwa lilikuwa na umri uleule wa kiasi cha miaka 15 ambao wenzetu huuzia. Tofauti ni kwamba sisi huamua hatima ya basi baada ya basi kufa.

Je, sheria ndiyo inayotuzuia? La hasha. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inaitaka kila taasisi ya umma iwe na mpango wa kila mwaka wa mali itakayoondolewa, na iwe na kamati ya kulishughulikia jambo hilo. Njia zimetajwa humo waziwazi: kuihamishia taasisi nyingine ya umma, kuuza kwa zabuni, kuuza kwa mnada wa hadhara, au kubadilishana na muuzaji wakati wa kununua kipya. Hata wafanyakazi wa taasisi wamewekewa mpaka, wasijiuzie mali wanayoitunza. Walimu wakuu niliozungumza nao wanaijua sheria hiyo. Kinachowafunga ni hofu. Mmoja aliniambia bila kuficha: "Daktari, basi likioza hapa hakuna atakayeniuliza. Nikiliuza, nitaulizwa kwa nini kwa bei hiyo, na kwa nini kwa mtu huyo, mpaka nistaafu."

Siwezi kumcheka. Kila mmoja wetu amesikia kuhusu gari la umma lililouzwa kwa bei ya kuku kwa shemeji ya mkubwa fulani. Lakini hofu hiyo inatupeleka pabaya, kwa sababu inafanya kuoza kuwe ndiyo njia salama ya kutunza mali ya wazazi. Mkaguzi wa hesabu hulikuta basi limeandikwa katika daftari, akalitazama chini ya mgrevilea, akaweka alama, akaondoka. Daftari ni safi na basi limekufa. Ningependa wakaguzi waulize swali jingine: basi hili liliposimama lilikuwa na thamani gani, na nani aliamua lisimame?

Dawa ya bei ya kuku ni uwazi. Tangazo libandikwe langoni, sokoni na kwenye ofisi ya chifu, si gazetini tu. Daftari la matengenezo liwekwe mezani mnunuzi alisome. Thamani ikadiriwe na mhandisi asiyekuwa na jamaa shuleni, na zabuni zifunguliwe mbele ya wawakilishi wa wazazi. Baraza la wanafunzi nalo lishuhudie. Vijana hao wanasoma biashara na uraia darasani, na hapo watauona uraia ukifanyika.

Wengine watasema kwamba basi likiuzwa lingali zima litageuzwa matatu na kuua watu. Hoja hii ni nzito. Mimi ningejibu kwamba basi la miaka 15 lililokaguliwa, lenye daftari lake, ni salama kuliko lile lililotelekezwa miaka mitatu kisha likafufuliwa na fundi wa kubahatisha. Isitoshe, si lazima lirudi kubeba abiria. Hapa ndipo mfano wa yule mzee wa Ohio unapotufaa. Gari linalokaa zaidi kuliko linavyotembea, linalobeba watu wawili na vitanda badala ya watu hamsini, huweza kuishi miaka mingine mingi.

Kijana mmoja darasani kwangu aliposikia kisa hiki alitaka kuagiza basi la manjano moja kwa moja kutoka Marekani. Asijisumbue. Nchi yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita umri wa miaka minane, na usukani wa basi la Marekani uko kushoto, mlango wake ukiwa kulia, kwa hivyo hapa kwetu abiria angeshukia katikati ya barabara. Basi tulilo nalo ni Isuzu yenye bodi iliyoundwa humu humu nchini, na mafundi wa jua kali wanaijua kwa moyo. Kuchomelea vitanda na kabati, kupitisha nyaya, kufunga tangi, ni kazi wanazozifanya kila siku. Jambo la kuzingatia ni kwamba badiliko la rangi na la umbo la gari sharti liarifiwe Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, hati ya umiliki irekebishwe, na gari likaguliwe upya.

Wala wazo la makao yanayosafiri si geni kwetu tulifuate Marekani. Warendille na Wagabra wa Marsabit huibomoa nyumba asubuhi, wakaipakia juu ya ngamia fito kwa mkeka, na jioni ikasimama mahali pengine. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilipoanzisha maktaba ya ngamia huko Garissa mwaka 1996, mwaka uleule wa basi letu, iliwafuata wafugaji kwa mnyama waliyemzoea. Basi kuukuu lenye rafu badala ya viti lingeweza kuzungukia shule za msingi zisizo na maktaba, likalala kwenye kila shule siku mbili, mwalimu wa maktaba akipata kitanda nyuma na jiko dogo. Kaunti ikitaka, sheria inaruhusu shule iihamishie basi hilo bila ya mnada wowote.

Nina haja yangu pia, na msomaji ana haki ya kuijua. Katika idara yetu tunawafunza wanafunzi kukusanya data ya lahaja na lugha kutoka kwa wazungumzaji wenyewe. Kila mwaka safari hizo zinafupishwa. Kinachozila fedha ni malazi kuliko mafuta. Mwaka jana wanafunzi wanne waliotaka kurekodi Kitharaka walikaa siku tatu badala ya kumi, na mzee waliyemfuata, aliyejua majina ya mimea ambayo wajukuu wake hawayajui, hatukumkuta tena tuliporudi. Alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Gari lenye vitanda sita, meza, na umeme wa jua wa kuchaji vinasa sauti lingetuwezesha kukaa kijijini mpaka kazi iishe.

Sasa shule niliyosomea ina basi la pili, lililonunuliwa mwaka 2010. Bado linatembea. Wazazi wameanza kuchangia la tatu, na mama yangu, ambaye hana tena mtoto shuleni, ametoa kidogo kwa ajili ya mjukuu. La pili litapelekwa wapi likija la tatu? Nilimwuliza mwalimu mkuu, akatazama upande wa mgrevilea.

Nimeiandikia bodi ya shule nikiomba basi hilo litiwe katika mpango wa uuzaji wa mwaka huu, kabla halijasimama. Nimeeleza wazi kwamba mimi na wenzangu wawili wa idarani tungependa kulinunua. Nimeomba pia kwamba, kwa sababu hiyo hiyo, nisiombwe ushauri wowote juu ya bei. Bodi itakutana muhula ujao. Tangazo likitolewa, tutapeleka bahasha yetu ifunguliwe pamoja na za watu wengine. Nimekwisha kuzungumza na fundi mmoja wa Makutano, naye amekubali kuja siku ya ukaguzi na nyundo ndogo.